Vipande Vilivyokunywa Maji

Sekela alilala kitanda kimoja na mdogo wake, Ambakise. Kila usiku Ambakise alirusha teke. Pu! Sekela akajikuta ukutani.

"Sasa basi!" alisema Shangazi Bupe, fundi seremala. "Nitakutengenezea kitanda chako mwenyewe."

Shangazi akakata mbao. Kwaru, kwaru, kwaru! Akatoboa tundu kila mwisho wa mbao. Ko, ko, ko!

Kisha akachonga vipande vidogo, bapa. Kila kipande kilikuwa cha kuunganisha mbao mbili. Shangazi aliimba:

"Nusu huku, nusu kule,
shikaneni, msiachane!"

Shangazi akaenda kununua gundi. Sekela akavitazama vile vipande. Lo, vumbi hilo!

Naye alitaka kusaidia. Akavitia kwenye ndoo ya maji. Akavisugua kwa sabuni mpaka vikatakata.

Shangazi akarudi. Akachukua kipande, akakisukuma tunduni. Mm-mm. Akasukuma tena. Mm-mm! Hakiingii.

"Niliviosha, Shangazi," Sekela alisema kwa sauti ndogo. "Vilikuwa vichafu."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, mbao ikinywa maji inavimba!"

"Kama tumbo la Ambakise akinywa uji?"

"Hivyo hivyo."

"Basi vichonge tena, viwe vyembamba!"

"Nikivichonga leo, vikikauka vitalegea. Kitanda kitayumba. Tuvisubiri."

Wakavipanga jikoni, mbali kidogo na moto. Nje mvua ikanyesha. Chwaa, chwaa.

Usiku, pu! Teke. Sekela alilia kidogo. Alikitaka sana kitanda chake.

Asubuhi akajaribu kipande. Mm-mm. Kesho yake akajaribu tena. Mm-mm. Lo, vipande hivi vina maringo!

Halafu jua likatoka, vipande vikakauka. Sekela akasukuma kimoja polepole. Kikaingia! Kikajaa tundu lote.

"Shangazi! Kimekubali!"

Shangazi akapaka gundi. Sekela akagonga kwa nyundo ya mbao. Ko, ko, ko! Wakaimba wote wawili:

"Nusu huku, nusu kule,
shikaneni, msiachane!"

Gundi ilipokauka, Shangazi alisema, "Haya, tikisa."

Sekela akatikisa kwa nguvu zake zote. Kitanda hakikuyumba. Akafurahi mno.

Usiku akapanda kitandani. Akanyoosha mguu huku. Akanyoosha mguu kule. Hakumgusa mtu.

Shangazi alipokuja kumfunika, Sekela alikuwa ameshalala, mikono na miguu imejaa kitanda kizima.