Picha ya Dakika Nne

Haya yalimpata rafiki wa kaka yangu, mpiga picha wa majengo, nami nayaandika kama alivyotusimulia sebuleni kwetu.

Aliitwa kupiga picha ukumbi mpya wa muziki, usio na dirisha hata moja. Mkewe ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Siku zote walifanya hivi: taa zinazimwa, kamera inaachwa wazi dakika nne, na mke anazunguka na tochi akimulika kuta na dari. Kwa kuwa hatulii mahali pamoja, yeye mwenyewe haonekani pichani.

"Leo nitakaa kidogo, baba, miguu inaniuma," mke alisema.

"Ukikaa utatokea. Tembea tu mama, hujatumwa mwezini."

Katikati ya giza, kuta zikiwa zimeshamulikwa, tochi ikazimika. Mume akasikia kiti kimoja kikilia, kama kimekaliwa.

"Usikae! Utaniharibia picha!" alifoka.

Nyayo zikaendelea, taratibu, zikapita nyuma yake, zikazunguka tena. Akaridhika kuwa mkewe anatembea, akahesabu sekunde mpaka mwisho.

Alipowasha taa, nyayo zilikoma. Ukumbi ulikuwa mtupu, milango imefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwake. Mkewe hajaonekana hadi leo.

Picha alituonyesha. Mke ameketi safu ya tano, yu wazi kabisa ingawa tochi ilizimika, kama aliyetulia dakika zote nne, macho ameyatoa kuelekea kwenye kamera. Mikono yake yote miwili iko mapajani. Kilichomziba mdomo ni kiganja kingine, na nyuma ya kiganja hicho hakuna mtu.