Sili ya Pampu ya Dizeli

Kila asubuhi Kiptanui alikusanya maziwa ya majirani huko Kimulot na kuyapeleka Bomet. Pikapu yake ilikuwa mpya, ya dizeli, tena yenye waranti. Waranti ni ahadi ya muuzaji: kitu kikiharibika chenyewe kabla muda haujaisha, yeye atatengeneza bila malipo.

Ili kuinunua, Kiptanui na mkewe Rodah waliuza ng'ombe wa mahari ya binti yao Chelangat. Wazee wa ukoo hawakufurahi. Gari hilo likifa, Kiptanui na Rodah wangewatazamaje wazee hao?

Lakini pikapu ikijaa maziwa, ilipanda milima kwa taabu. Fundi mmoja wa kando ya barabara akamwambia, "Nikufungulie dizeli kidogo, itapanda kama iko tambarare."

Fundi alikata waya mwembamba wenye sili, yaani lakiri ya kampuni, kwenye pampu ya dizeli, kisha akazungusha skrubu ili injini ipate dizeli zaidi. Gari likapata nguvu za ajabu. Kiptanui alipita hata malori ya majani chai, akapiga honi kwa maringo.

Maringo hayo hayakufika mbali. Moshi mweusi ulianza kutoka. Maji ya kupoza injini yakawa yanachemka. Halafu injini ikaanza kugonga.

"Baba Chelangat," Rodah alimwambia, "hii gari inatoa moshi kama kuni mbichi. Si uipeleke kwa wenyewe walioiuza, Kericho? Si iko na waranti?"

"Nitapeleka," alijibu, na chakula kikamshinda.

Alirudi kwa yule fundi wa kando ya barabara. "Usijali," fundi alisema. "Kuja kesho. Nitarudisha skrubu, nifunge waya ingine. Hawatajua."

Kabla ya kesho hiyo alimpitia jirani yake Obiero, fundi wa gereji ya shamba la chai.

"Obiero, mtu akifunguliwa pampu halafu airudishe, kampuni itajua?"

Obiero alitazama masizi nyuma ya pikapu. "Huyo mtu ni wewe?"

Kiptanui akainama.

"Skiza, jirani. Ile sili iko na alama ya kampuni. Huyo fundi wako hana hiyo alama. Hata skrubu imepakwa rangi, ukiizungusha inapasuka. Wakiwa na shaka, wanatoa pampu na kuipima kwa mashini, waone inamwaga dizeli ngapi. Na wakifungua injini watapata pistoni zimeungua."

"Na wakijua?"

"Kile umeharibu wewe, hawatengenezi. Ukidanganya, hawatakuamini hata kwa kile si kosa yako. Na usiiendeshe tena. Dizeli ikizidi, injini inapata joto sana. Inaweza kufa leo."

Kiptanui alimwogopa Rodah kuliko kampuni, lakini alimwambia. Rodah alikaa chini.

"Ng'ombe za mtoto, Baba Chelangat," alisema.

"Najua."

"Tutaenda Kericho sisi wote."

Obiero aliwatafutia lori la kuivuta pikapu. Huko Kericho, msimamizi wa mafundi, Arasa, alifungua boneti. Kabla hajainama, Kiptanui alisema, "Pampu ilifunguliwa. Nilikubali mimi."

"Ningeona tu," Arasa alisema. "Wengi huapa mpaka tuwaonyeshe."

Walipofungua injini, walikuta pistoni zimeanza kuungua lakini hazijatoboka. Waliirekebisha pampu na kuifunga kwa sili mpya. Kazi hiyo Kiptanui aliilipa mwenyewe.

"Injini na pampu zimetoka kwa waranti," Arasa alimwambia. "Sehemu hizo zingine bado ni juu yetu. Sasa usijaze sana, na kwa mlima ingiza gia ndogo mapema."

Tangu hapo Kiptanui alibeba maziwa kwa safari mbili. Alifika polepole, lakini alifika.

Mvua za masika zilipoanza, giaboksi ikaanza kulia. Walirudi Kericho. Arasa alimulika sili kwanza. Kiptanui alishika mlango wa gari akingoja.

"Haijaguswa," Arasa alisema. "Ingiza gari. Giaboksi ni juu yetu."

Kiptanui alitoka nje alikomngoja mkewe. "Wanatengeneza," alimwambia. "Bila malipo."

Rodah alijifunika uso kwa leso, akalia palepale. Miezi hiyo yote Kiptanui alidhani anaogopa peke yake.