Zebaki Kwenye Bangili

Uwanja wa shule ya msingi pale Ukunda ulifurika watu Jumamosi ile, maana kitu cha bure hakikosi wateja. Kliniki moja ya meno ilikuwa imepiga mahema, na foleni ilizunguka uwanja mara mbili: wazee walioshika mashavu, watoto waliolia hata kabla ya kuguswa, kina mama waliojitanda leso vichwani kwa jua kali. Katikati ya zogo hilo Swabir alikuwa akipita mbio na sinia ya vyombo, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi likanyooka, mara akahisi ameshikwa mkono wa koti.

"Daktari, samahani. Nyanya yangu hajalala siku ya tatu leo."

Akageuka. Masikini, afadhali asingegeuka. Msichana aliyemshika alivaa dera la zambarau na mtandio mweusi, macho yake makubwa, na alinukia asumini kana kwamba jua lile halikumhusu. Kando yake alisimama ajuza mfupi, shavu limefura, akimtazama Swabir kwa jicho la mtu anayenunua samaki.

Sasa hapo ndipo mtu mwenye akili zake husema, "Dada, mimi si daktari, daktari ni yule pale." Maneno manane tu. Swabir aliyaona yote manane, yakamfika ulimini, akayameza.

"Njooni," alisema, akawapitisha kando ya foleni.

Daktari alikuwa Eunice, mtu wa bara, hodari na mwenye maneno machache. Swabir alikuwa msaidizi wake: alisaga dawa ya kuzibia meno, akaosha vyombo, basi. Lakini Bi Rai, yule ajuza, alikuwa amefumba macho kwa woga, na mjukuu wake alibaki nje ya hema. Jino lilipozibwa, aliyetoka kuwaaga alikuwa Swabir.

"Nipe namba yako, daktari," msichana akasema. "Jino likimrudia nikuamshe wewe, si mimi peke yangu nikeshe."

"Likimrudia, lisimrudie, wewe piga."

"Ala! Madaktari wote wana maneno hivi?"

"Sijui wao. Mimi nimeanza leo."

Akacheka. Jina lake Warda, mwalimu wa chekechea, kwao Bongwe. Jino la Bi Rai halikurudi kuuma, na simu zilipigwa kila siku.

"Daktari wangu, umeng'oa wangapi leo?"

"Hata mmoja. Nilikukumbuka, mkono ukanitetemeka."

"Basi wagonjwa wako wanishukuru mimi."

Kila alipoitwa daktari, Swabir alitaka kukanusha. Alijiambia atasema kesho. Kesho ikifika, Warda anampa simu Bi Rai, na Bi Rai anamwombea dua ndefu, "Mungu akuweke, daktari wetu," naye anaitikia amina kwa sauti ndogo. Miezi minne ikapita kwa kesho hizo.

Na jambo la kusikitisha ni kwamba kazi yake aliijua kuliko wengi. Mashine ya kutikisia dawa ilikuwa imeharibika, kipuri kinangojewa kutoka Nairobi, kwa hiyo Swabir alirudia njia ya zamani. Alipima unga wa fedha, akadondoshea zebaki, madini yale yanayotiririka kama maji na yasiyolowesha kidole, akasaga kwenye kinu kidogo cha kioo mpaka vikawa donge laini linalong'aa. Kisha alilifunga donge kwenye kitambaa na kulikamua zebaki iliyozidi. Likiwa tayari hulia vidoleni, mlio mdogo kama wa mtu akanyagaye mchanga mkavu. Ndiyo maana hakupenda glavu. Ukivaa glavu husikii kitu.

"Swabir, glavu!" Eunice alimkemea kila siku. "Hiyo kitu si unga ya chapati."

"Naam, daktari." Akazivaa. Eunice akitoka, akazivua.

Alhamisi moja adhuhuri simu ikalia akiwa katikati ya kukamua.

"Niko nje kwenye mwembe mdogo. Toka upesi nikuonyeshe kitu, kipindi changu kinaanza saa nane."

Hakunawa. Alijifuta mikono kwenye koti akatoka mbio, yule bwege. Warda alikuwa amenyoosha mkono mbele yake kama mtoto aliyepata zawadi. Bangili ya dhahabu, nzito, ya Bi Rai tangu usichana wake. Kesho kulikuwa na arusi ya binamu yake, na nyanya alimpa aivae. Ilikuwa ikimbana, ikapelekwa kwa sonara, Mzee Abdurahman wa Msambweni, akaipanua.

"Haya, niambie. Imenikaa?"

Swabir akamshika mkono. Akaizungusha ile bangili taratibu, akaipapasa, akaizungusha tena, si kwa ajili ya bangili bali kwa ajili ya ule mkono.

"Imekukaa," alisema. "Ila mimi naangalia kilicho ndani yake."

"Hebu niache, watu wanatuona!" Lakini hakuuondoa mkono.

Jumamosi asubuhi simu ikaja, na sauti ya Warda ilikuwa ya mtu aliyelia.

"Swabir, nimeaibika."

"Nini tena, roho yangu?"

"Bangili imegeuka nyeupe. Nyeupe pepe, kama sufuria mpya! Jana kwenye arusi nainua mikono nipige makofi, mke wa mjomba ananiuliza mbele ya watu, 'Warda, hiyo ni dhahabu au bati?' Wanawake wote wakacheka. Yule mzee ametuibia, Swabir. Kachukua dhahabu ya nyanya, katutilia ya bandia."

Swabir alikaa kitandani. Alijua papo hapo. Mtu wa kazi ile hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba zebaki ikiigusa dhahabu huifanya nyeupe. Akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Labda imechafuka tu," alisema.

"Nimeisugua kwa ndimu, kwa majivu, haitoki! Wewe msomi, umewahi kusikia dhahabu ikawa nyeupe?"

Kusema ilikuwa zebaki ni kusema zebaki ile ilitoka wapi, na nani huikamua kwa vidole vitupu.

"Hapana," akajibu. "Sijawahi."

"Basi kesho twende sote Msambweni. Uwe shahidi wetu. Daktari hawezi kubabaishwa."

Wakaenda. Duka la Mzee Abdurahman lilikuwa chumba kimoja chenye meza ya kioo, na siku hiyo wanawake wawili walikuwa wakiangalia mikufu. Bi Rai hakungoja zamu. Aliiweka bangili juu ya kioo kwa kishindo.

"Abdurahman, dhahabu yangu iko wapi?"

Mzee alivaa miwani, akaigeuza bangili, akaisugua kwa kidole gumba. "Bi Rai, dhahabu yako ndiyo hii hii. Imeguswa na zebaki."

"Zebaki! Nyumbani kwangu zebaki itoke wapi? Mimi nina unga, chumvi na mkaa!"

"Mzee wangu," Warda akadakia, na sauti yake ilipanda, "ungesema huna cha kula tungekupa. Lakini kumwibia ajuza! Na nywele zako nyeupe hivyo! Huoni haya?"

Mmoja wa wale wanawake akasogea. "Nirudishie mkufu wangu, mzee. Nitautengenezea Mombasa." Mzee akautoa kwenye bahasha na kumpa. Kisha akamgeukia Swabir, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Na wewe kijana, shughuli yako nini?"

"Ni daktari wa meno," Warda akajibu kwa fahari.

"Wa meno," mzee akarudia polepole. Akamtazama Swabir usoni, akaitazama mikono yake, akangoja. Alingoja kwa muda mrefu. Swabir aliangalia viatu vyake, akaona kimoja kina vumbi.

"Mashallah," mzee akasema mwishoni. "Mungu akuzidishie." Akachukua kitambaa akaanza kupangusa kioo kilichokuwa safi.

Sonara gani asiyejua meno huzibwa kwa zebaki? Alijua yule mzee. Alijua, akamsitiri kijana wa watu mbele ya mchumba wake, na matusi akayabeba yeye. Swabir alirudi Ukunda na wali wa mchana ukamshinda. Alijichukia kiasi cha kutotaka kujiona kwenye kioo.

Wiki ile habari zilienea, maana za kuudhi huwa hazikawii. Alhamisi mgonjwa mmoja alisema akiwa amekaa kitini, kinywa wazi nusu, kwamba yule sonara mwizi wa Msambweni amefunga duka, hana uso wa kutokea. Swabir alikuwa akisaga. Mchi ukamponyoka.

Na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya posa waliyokwisha kuipanga. Ami yake, Mwero, alitoka Bodo na wazee wawili, kanzu zimenyooka, wakaenda Bongwe baada ya alasiri. Desturi ni kwamba mposaji hafiki. Husemewa na wazee wake, yeye hukaa kwake akatafuna kucha. Swabir alikaa. Akasimama. Akakaa tena. Kisha akamsimamisha mwenye pikipiki.

Aliwakuta ukumbini kwa Bi Rai, kahawa imeshamiminwa, wanawake chumbani nyuma ya pazia. Bi Rai alikuwa akisema wamefurahi sana kupata daktari, na ami Mwero, ambaye hakuwahi kusikia Swabir akiitwa hivyo, alikuwa amekodoa macho.

"Ebo! Wewe wataka nini hapa?" ami akashtuka. "Leo si mahali pako!"

"Niwie radhi, ami. Niache niseme mwenyewe." Akashika nguzo ya mlango. "Bi Rai, mimi si daktari. Mimi husaga fedha na zebaki za kuzibia meno. Mikono hii ndiyo iliyoharibu bangili yako. Mzee Abdurahman hakuiba kitu. Nilijua tangu siku niliyopigiwa simu, na pale dukani nilijua, nikanyamaza."

Pazia likasogea, Warda akatoka, amepakwa hina mpya, amevaa gauni la kijani walilomshonea kwa siku hiyo.

"Rudia."

"Warda, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi. Rudia hilo la mwisho."

"Nilijua, nikanyamaza."

"La udaktari ningekucheka mwezi mzima, kisha ningekusamehe," alisema, machozi yakimtiririka. "Wewe hukujiita, nilikuita mimi. Lakini uliniacha nimwite mzee wa watu mwizi! Nilimwambia haoni haya, Swabir. Mimi! Nawe umesimama nyuma yangu unasikia!"

Akarudi ndani. Ami Mwero akavaa kofia yake taratibu, akatangulia kutoka.

Asubuhi Swabir alikwenda Msambweni, nyumbani kwa sonara, akamkuta barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi nilikupa siku ile ile. La sivyo ningekutaja."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ulikuwa na mchumba wako ubavuni. Nikasema, huyu atasema mwenyewe, leo au kesho. Nikakungoja." Mzee akatazama njia. "Nimekungoja wiki nzima, mwanangu. Kila pikipiki ikipita nasema ni yeye."

Swabir alilia pale barazani kama mtoto, na mzee hakumzuia.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, aliomba ruhusa kwa imamu wa Msambweni, akasimama mbele ya safu zote za watu na kulieleza jambo lile kuanzia mwanzo, bila kujipunguzia. Alipokaa masikio yake yalikuwa ya moto. Mtu mmoja alisonya. Wengine waliinamisha vichwa, kwani nao walikuwa wamesema yao.

Simu alizompigia Warda hazikupokelewa siku kumi na nne. Siku ya kumi na tano Warda akapiga mwenyewe.

"Swabir."

"Naam."

"Nimesikia ulisimama msikitini."

"Nilisimama."

"Mzee amefungua duka. Mimi bado sijaenda. Mara tatu nafika njia panda, nageuka. Maneno niliyomwambia... Swabir, naona haya."

"Haya hizo ni zangu, Warda. Wewe nilikuvisha tu."

"Zako au zangu, maneno yale niliyasema mimi. Njoo tuende. Lakini usinisemee, nitasema mwenyewe."

Walikwenda Jumamosi. Warda alivaa buibui jeusi, hana hata wanja. Alipofika mbele ya ile meza ya kioo alipiga magoti kabla hajaamkia, na maneno aliyoyasema yalikuwa machache na mengine hayakusikika kwa kilio. Mzee Abdurahman alimwinua. Alisema amesamehe. Alisema pia, bila hasira, kwamba wateja wa Bongwe hawajarudi, na huenda wengine wasirudi, neno likishatoka halina kamba. Swabir alilisikia hilo, likamwingia, akajua atakaa nalo.

Walipotoka walisimama kibarazani. Warda alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Wewe umenitia aibu ambayo sikuijua," alisema. "Nimekukasirikia mpaka nimechoka. Na nilipochoka nikaona bado nakupenda. Sasa nifanyeje?"

"Sijui, Warda. Mimi sina uso wa kukuomba kitu."

"Basi nitakuambia mimi. Mwambie ami Mwero arudi Ijumaa. Na wewe uje naye, ukae mbele, nyanya akiuliza ujibu wewe."

"Lakini desturi..."

"Desturi naijua. Nimeshaizungumza na nyanya. Mimi sitaki mume wa kusemewa."

Swabir aliinua uso, ungali ukimwaka kwa haya, akamtazama.

"Nitakuja," akasema. "Nitasema mwenyewe."