Hii Haifungi, Dada

Jioni ile ilimkuta Futi amepiga magoti mbele ya meza ya mtumba, anakunja jinzi. Nyayo zilikuwa zinawaka moto. Mgongo ulikuwa umekaza tangu saa nane mchana. Alikuwa amebakiza rundo moja tu, kisha Bosi aje na funguo, geti lishushwe, naye ajikokote nyumbani akalale hata kama hajala.

Futi si jina alilopewa na wazazi. Walimpachika wateja, kwa sababu ya jicho lake. Mwanamke akikanyaga kizingiti tu, Futi ameshamsoma: kiuno ishirini na nane, nyonga pana, atavaa thelathini halafu fundi apunguze mgongoni. Hakuwa anakosea. Na duka lile halikuuza kitu kingine, ni jinzi za kiuno cha juu tu, za kila mfuko. Kwenye kabati la kioo karibu na mlango zilikaa mpya, nzito, za wenye nazo. Rafu ya katikati ilikuwa na za bei ya kawaida, za kitambaa kinachovutika, ambazo magoti hulegea zikishafuliwa mara tatu nne. Nyuma kabisa, kwenye meza, mtumba, na hapo mwenye subira aliweza kuchomoa jinzi inayoipiku ile ya kwenye kioo.

"Kaa nayo chini kwanza," ndivyo alivyowaambia wote, tajiri na kapuku. "Ikikuchoma tumboni, iache. Ikiachia mgongoni mpaka ngumi inapita, iache. Bei haivaliwi."

Jambo moja hakumwambia mtu pale dukani. Alikuwa na mimba ya wiki kumi na nane.

Miaka sita ya ndoa, na mimba mbili zilishaharibika. Hii ya tatu ilikuwa imeanza kucheza wiki ile ile, taratibu, upande wa kushoto. Lakini Bosi alikuwa na sheria yake, na aliisema siku ya kwanza bila kupepesa macho: "Hapa tunauza viuno. Muuzaji mwenye tumbo ananifukuzia wateja." Basi Futi akajikaza kisabuni. Alivaa shati pana, na jinzi yake hakuifunga kifungo, aliishikiza kwa kipande cha mpira kilichopita kwenye tundu. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa anamsihi kila asubuhi aache kazi. Yeye anajibu, mwezi mmoja tu, mwezi mmoja.

Sasa, alikuwa amepiga magoti hivyo, mgongo kwa mlango, aliposikia pete za pazia zikiburuzwa kwenye chuma chake.

Srrrr.

Akageuka. Pazia la chumba cha kujaribia lilikuwa limefungwa.

Hakuona mtu akiingia. Lakini uchovu nao hufumba macho ya mtu, akajisemea mteja amepita wakati yeye ameinamisha kichwa.

"Karibu, dada. Tunakaribia kufunga, lakini karibu."

Ikaja sauti, ya chini, ya mtu aliyechoka kumshinda hata yeye.

"Niletee ishirini na sita. Ya kwenye kioo."

Futi akainuka, huku anashikilia meza. Akafungua kabati, akatoa moja. Mkono ukatoka pembeni mwa pazia. Ulikuwa mwembamba, na ncha za vidole zilikuwa za buluu, ile buluu ya jinzi isiyotoka kwa sabuni. Vidole vya Futi mwenyewe vilikuwa hivyo hivyo.

Akasikiliza. Zipu ikapanda. Ikasimama nusu.

"Haifungi, dada."

Futi akashangaa. Kwa mkono ule, mwenye nao alikuwa wa ishirini na sita, pengine na pungufu. Akaleta ishirini na nane.

Zipu. Nusu.

"Haifungi. Na hizi za kioo siziwezi bei. Niangalizie za katikati."

"Hakuna neno. Hizi zinavutika, zitakupokea vizuri."

Akaleta thelathini kutoka kwenye rafu. Alipoinyoosha mikono kuishusha alihisi kizunguzungu kidogo, na wepesi fulani, kama mtu aliyetua mzigo njiani. Njaa hiyo, akafikiri. Tangu asubuhi chai tu.

"Haifungi."

"Basi twende kwenye mtumba, dada. Mtumba hauna ubaguzi."

Alijaribu kucheka. Ndani hakukuwa na aliyecheka. Kulikuwa na mtu anayehema... polepole... kwa kujivuta. Na harufu. Si ya dawa ya nondo inayokaa kwenye nguo za mtumba, ile aliizoea. Hii ilikuwa ya maziwa. Maziwa yaliyochacha.

Akainama kwenye meza, akachambua, akapata thelathini na mbili. Akaipeleka. Akarudi, akainama tena, akapata thelathini na nne. Akaipeleka pia. Mkono ulioipokea haukuwa mwembamba tena. Ulikuwa umejaa, umevimba kwenye vifundo.

Akarudi mezani, akainama mara ya tatu.

Hapo ndipo alipogundua.

Kwa wiki nzima alikuwa hawezi kuinama bila kuguna. Sasa alikuwa anainama kama binti wa shule.

Jinzi yake ikateremka. Ile aliyoshindwa kuifunga asubuhi, ikateremka yenyewe hadi kwenye mifupa ya nyonga, na mpira ukining'inia umelegea. Akapeleka kiganja chini ya shati.

Bapa.

Akabonyeza kushoto, pale palipokuwa panacheza. Hapakuwa na kitu. Ngozi, na chini ya ngozi, utupu.

"Dada..." Sauti ilikuwa imenenepa sasa, ina pumzi fupi fupi za mwanamke mzito. "Niletee thelathini na sita. Inakaribia."

Mlango ulikuwa hatua sita tu, na nje watu walikuwa wanapita, wanabishana, wanarudi makwao. Futi alitazama mlango ule. Miguu yote miwili ilitaka kukimbia. Lakini aende wapi? Akitoka vile alivyo, anatoka peke yake. Kilicho chake kinabaki nyuma ya pazia.

Akainama akachungulia chini ya pazia, kwa kuwa hakuweza kujizuia.

Nyayo mbili, peku, zimeumuka. Na kando yake jinzi zote alizopeleka, zimekunjwa mara tatu, zipu imegeuziwa ndani, ukanda juu. Mteja hakunji hivyo. Hivyo hukunja muuzaji.

Machozi yakamlenga. Hakujua sala ya kuanzia wala wa kumwita. Alichokijua maishani mwake ni kitu kimoja tu, kuuza jinzi. Akashika thelathini na mbili nyingine ya mtumba, akavuta pumzi, akaitafuta ile sauti yake ya kazini.

"Hapana, dada yangu. Thelathini na sita itakupwaya. Hata hiyo thelathini na nne uliyovaa imekuachia mgongoni."



"Inanibana."

"Kiuno cha juu lazima kibane kidogo, ndiyo kazi yake. Ukichukua pana, kesho unashinda unaipandisha. Mimi sikudanganyi. Shika hii."

Mkono ukatoka. Ukasita. Ukachukua.

Zipu ikapanda, kwa shida, kwa kukwaruza. Ikafika juu.

Na Futi akajikunja pale aliposimama, kwa maumivu yaliyomkata kiunoni. Akauma shati asipige kelele. Kitu kilikuwa kimerudi. Kidogo, lakini kimerudi.

"Umeona?" alisema, jasho linamtiririka hadi machoni. "Umependeza. Sasa tushuke kidogo. Jaribu thelathini."

"Nimechoka, dada."

"Najua. Hata mimi. Tumalize tu."

Akampa thelathini. Zipu ikafika juu. Maumivu yakaja tena, marefu kuliko ya kwanza, na mpira kwenye tundu la kifungo ukakaza. Akatambaa hadi kwenye kabati la kioo maana kusimama kulimshinda. Akatoa ishirini na nane. Akaisukuma chini ya pazia.

Haikuchukuliwa.

"Niachie kidogo," sauti ikanong'ona. Ilikuwa karibu mno, ng'ambo tu ya kitambaa, kimo kile kile cha uso wake pale chini. "Kidogo tu, dada. Mimi mwanangu hakulia hata mara moja. Niachie kidogo."

Futi alilia. Kwa miaka sita na yeye alikuwa anaomba kidogo. Alimwelewa, na huko kumwelewa nusura kumlegeze.

"Siwezi," alisema. "Nisamehe. Siwezi. Vaa, dada. Vaa tumalize."

Jinzi ikavutwa ndani, taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine.

Zipu.

Akasukuma ishirini na sita ya mwisho.

Zipu ikapanda bila kukwama, laini, mpaka juu. Kifungo kikaingia. Futi alilala kifudifudi sakafuni, analia na kuhema, na mpira ulikuwa umemchimba ngozi.

"Imekaa," sauti ikasema. Haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu.

Bosi alimkuta hivyo hivyo. Alikuwa mama mnene wa makamo, anayekuja kila jioni kufunga mwenyewe. Akatupa funguo, akamwinua, akamkalisha. Shati lilikuwa limepanda, na tumbo lilikuwa wazi mbele ya wote wawili. Futi akangoja kufukuzwa.

Lakini Bosi hakuwa anatazama tumbo. Alikuwa anatazama chumba cha kujaribia, na pazia lililokuwa limefunguka. Ndani hapakuwa na mtu. Kwenye kiti palikuwa na jinzi nane, zimekunjwa mara tatu, zipu ndani, ukanda juu; ile ya tisa, ya mwisho, haikuwepo.

"Nani amekunja hizi?"

"Mteja."

Bosi akakaa chini, pale pale sakafuni.

"Kulikuwa na binti hapa kabla yako," alisema. "Mimi ndiye nilimfundisha kukunja hivyo. Baada yake sikumfundisha mwingine. Alikuwa anajifunga mkanda chini ya jinzi ili nisione. Mpaka tumbo la ukubwa ule, mama wee! Siku moja akaingia humo kuulegeza kidogo... mimi niko hapa mbele nahudumia, nikamwita, nikamwita. Nilikasirika nikijua amelala."

"Alikufa?"

"Alitolewa yuko hai. Hospitali walimpoteza mtoto. Yeye ndugu zake walimchukua, na sikuuliza tena. Niliona aibu kuuliza."

Kisha akamsindikiza Futi mpaka mlangoni kwake, amemshika mkono kama mgonjwa, na njiani akamwambia hana haja ya kurudi kazini, na mshahara wake atamletea. Futi hakujua kama hiyo ilikuwa huruma au woga. Hakuwa na nguvu za kupambanua.

Asubuhi mumewe alimpeleka zahanati. Alimwambia tu kwamba ameanguka kazini. Mkunga alikuwa mwanamke mtaratibu mwenye mikono ya joto. Akamlaza, akaweka chombo chake tumboni, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena.

"Yupo," alisema. "Na moyo unapiga vizuri sana. Usilie, mama, yupo."

Mumewe akatoka nje akafute macho kiume.

Mkunga akaendelea kupapasa. Akachukua futi ya kitambaa, akapima kutoka chini hadi juu. Akaandika. Akafuta. Akapima upya.

"Uliniambia wiki ngapi?"

"Kumi na nane."

"Basi tarehe umechanganya. Hii ni ya wiki ishirini na sita, haipungui."

"Sijachanganya."

"Wengi huchanganya."

Lakini Futi alijua. Kabla ya wiki zile kumi na nane mumewe alikuwa kwenye kazi ya mbali kwa miezi mitatu, anatengeneza mageti ya kiwanda, na hakurudi hata siku moja. Hapakuwa na tarehe ya kuchanganya. Jana alikuwa amepokonya kwa pupa, namba baada ya namba, mpaka nyuma ya pazia pasibaki kitu. Hakusimama kupima kilicho chake kinaishia wapi.

Akavaa viatu. Akaketi kwenye benchi la nje kumsubiri mumewe, ambaye alikuwa kwenye simu, anamtangazia mama yake habari njema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

Tumboni kitu kikajigeuza. Si kule kucheza kwa juzi, kwa woga woga, upande wa kushoto. Hiki kilikuwa kizito, kikajinyoosha kutoka mbavu hadi mbavu, kikatulia upande wa kulia.

Futi akaweka kiganja juu yake. Akataka kusema, "Mwanangu."

Badala yake akajikuta ananong'ona, "Wewe ni wa nani?"