Nusu ya Pili ya Video

Soko lilikuwa limefurika, pa kuweka mguu hapaonekani, na mwanamume mmoja alikuwa akirudi kinyumenyume huku anapiga video kwa simu.

"Kaka, angalia ndoo!" muuza sabuni alipiga kelele.

Kaka hakuangalia. Ndoo ya sabuni ya maji ikapinduka, naye akateleza, suruali yake ya kijivu iliyopigwa pasi ikalowa povu hadi kiunoni.

"Samahani, dada."

"Si neno. Angalau umetakata."

Wakacheka wote wawili, na soko zima likawacheka.

Alikuwa mwalimu wa chuo cha biashara. Somo la masoko alilifundisha kwa video fupi za wafanyabiashara wa kweli, dakika nne tu, kisha wanafunzi wanajadili. Akaomba kumrekodi muuza sabuni, naye akakubali. Basi mwalimu akawa haishi kurudi, hata siku ambazo hakurekodi chochote.

"Sabuni ya tano wiki hii, Mwalimu! Unaogea au unakunywa?"

"Nakuja kukuona wewe, Povu wangu."

"Toka hapa, unanifukuzia wateja." Lakini sauti yenyewe ilikuwa tamu.

Ikapita miezi sita. Mwalimu akasema Jumamosi atakuja na wazee wake kumposa. Shangazi, aliyemlea binti huyu tangu mdogo, akaanza kufua mapazia.

Alhamisi, mdogo wake akaingia mbio na simu. "Dada, umejiona? Vijana wanatumiana."

Mtu alikuwa amerekodi darasani. Ukutani, video ya mwalimu ikionyeshwa, alionekana yeye, gauni la bluu na kilemba cha njano, akimwambia mama aliyetaka dumu zima: "Hapana mama, chukua kichupa hiki kwanza, ukajaribu." Mwalimu akasimamisha picha. "Haya, huyu dada amekosea wapi?" Darasa likaangua kicheko. "Anafukuza mteja!" "Hajui biashara!" Ikakatikia hapo.

Muuza sabuni alikuwa ameishia darasa la saba, na kidonda hicho hakuna aliyekijua kama mwalimu. Simu ikaita.

"Povu wangu..."

"Usiniite hivyo. Kawachekeshe wanafunzi wako. Na Jumamosi msije." Akaizima.

Shangazi alimwacha alie kwanza. "Umemuuliza?"

"Nimeona kwa macho yangu, shangazi."

"Umeona kipande alichokata mtu mwingine. Mwombe Mungu, kisha nenda ukamuulize. Akikudharau mbele yako, wazee wake nitawarudisha mimi mwenyewe."

Ijumaa alikwenda chuoni, akaketi nyuma kabisa darasani. Lilikuwa kundi jingine la wanafunzi, lakini video ni ile ile, swali lile lile, kicheko kile kile. Akainuka, akashika kitasa cha mlango.

"Mmemaliza kucheka?" mwalimu alisema. "Sasa nusu ya pili."

Mkono ukabaki kwenye kitasa. Ukutani, mama yule yule alikuwa amerudi, safari hii na majirani watatu, kila mmoja na dumu lake tupu. "Alinikataza nisinunue nyingi," mama alisema, "ndipo nikamwamini."

Wanafunzi wakaanza kuandika.

"Hata mimi nilidhani amekosea," mwalimu akasema. "Mteja anayerudi na wenzake, hakuna tangazo linaloweza kumleta. Hilo nimefundishwa na huyu dada." Alipogeuka akamwona mlangoni, chaki ikamponyoka.

Walikutana kwenye korido.

"Kwa nini hukuniambia kwamba huwa unaikata video katikati?"

"Nimezoea kuwaficha wanafunzi mwisho, nikakuficha na wewe. Kosa ni langu. Jana nimekupigia mara kumi na tisa."

"Nilizima."

"Najua. Sikulala. Kesho tuje, tusije?"

"Kwanza niulize mwenyewe, hapa hapa. Uliza yote, usiishie katikati."

"Utakubali kuwa mke wangu?"

"Nitakubali."

Kichwa cha mwanafunzi kikachungulia mlangoni. "Mwalimu, na hii tuijadili?"

"Rudi ndani!"

Muuza sabuni akakaa kwenye benchi, akashusha pumzi aliyoibeba tangu jana. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba alikuja kuuliza, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.