Mazishi ya Diwani Aliye Hai

Jumatatu tarehe 19 Juni 2006, kwa paredi ya asubuhi, mtoto wangu wa pekee alininyooshea kidole mbele ya shule nzima.

"Ni Papa. Papa ndiye alitutungia ule mchezo. Maneno yote ni yake."

Wasomaji wangu... nilishika mlingoti wa bendera nisianguke!

Mimi?? Mimi Wekoye, niliyeachia shule darasa la tatu?

Ngojeni niwaeleze, halafu mseme nyinyi.

Nilikuwa fundi wa mbao katika shule fulani pande za Misikhu. Jina siweki, wenyewe wanajijua. Mke wangu Jentrix alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Nikabaki na Nabwile, kidato cha nne, mdomo mkali kama wa mamake.

Muhula huo wanafunzi wakaamua kutunga mchezo wao. Hakuna mwandishi, hakuna kitabu. Mmoja anatupa neno, mwingine analidaka. Wenzao wakicheka, linabaki. Wakinyamaza, linatupwa.

Mimi nikapewa jukwaa: vifaa, pazia na firimbi. Pazia halifunguki wala halifungwi bila firimbi yangu.

Mchezo wenyewe? Wanakijiji wamechoka kumngoja diwani wao tangu wampigie kura. Wanasema basi, huyu amekufa, tumzike! Jeneza tupu hapo mbele, kilio kila kona. Mara diwani anatokea. Anaona umati, hata haulizi nani amekufa. Anadai maikrofoni!

"Mtoto wa marehemu ni mtoto wangu. Nitamsomesha mpaka aseme imetosha!"

Siku ya kwanza kusikia hayo maneno kwa mazoezi, nyundo iliniponyoka.

Diwani wetu mwenyewe aliyasema kwa mazishi ya Jentrix, mkono wake juu ya jeneza nililoranda mimi. Watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo hatukuona hata kivuli chake.

"Nabwile, haya umeyaleta wewe?"

"Si alisema, Papa? Mimi nimemrudishia tu."

Nikaokota nyundo, bana. Lakini moyoni nilicheka, mara ya kwanza tangu tumzike mamake.

Jumamosi tukaenda Kitale kwa tamasha la shule. Kuchungulia kando ya pazia... mgeni wa heshima ni nani?

Diwani wetu! Ameketi mbele kabisa, soda mkononi.

Mwalimu mkuu, Bwana Nderitu, akaja mbio nyuma ya jukwaa.

"Fundi! Huyo diwani wa mchezo akitokea tu, piga firimbi. Pazia lifungwe!"

"Na mchezo, Mwalimu?"

"Ati mchezo? Wewe unataka mchezo ama unataka kazi?"

Akaenda. Nabwile alikuwa amesikia yote. Akanishika mkono.

"Papa, usifunge. Ya Mama isemwe."

Haki ya Mungu, nani angefunga?

Firimbi nikaitia mfukoni.

Diwani wa mchezo akadai maikrofoni, ukumbi ukalipuka! Yule wa kweli naye akacheka mpaka akapanguza machozi. Akapiga paja!

Halafu yakaja yale maneno. "Mtoto wa marehemu ni mtoto wangu..."

Wazazi wetu wa Misikhu, kule nyuma, wakamalizia kwa sauti moja:

"...NITAMSOMESHA MPAKA ASEME IMETOSHA!"

Kumbe nao walikuwa mazishini. Hakuna aliyesahau.

Diwani akaweka soda chini. Akatoka.

Sasa ndio hiyo Jumatatu. Nderitu amesimama kwa paredi.

"Nani aliandika ule upuzi?"

Kwani nani aseme? Ule mchezo ulikuwa wa wote. Lakini wakubwa hawawezi kuadhibu kitu cha wote. Wanataka kichwa kimoja, wakikate, walale.

Mtoto wangu akawapa changu.

Nilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne. "Mchochezi." Hakuna shule pande zile ilinipa kazi tena. Nikahamia Kitale kuranda vitanda. Nabwile akafanya mtihani, akapita, akaingia chuo Bungoma. Sikumtafuta. Alinitumia salamu, nikazirudisha bila kuzipokea.

Mpaka siku niliyokutana na Madam Sellah sokoni. Ndiye alikuwa mwalimu wao wa mchezo.

"Mzee, bado una hasira na msichana? Kwani hukuambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

"Ile Jumapili diwani alikuja kwa mwalimu mkuu. Nabwile akaitwa. Akaambiwa, taja babako, diwani alipe karo yako yote. Ukikataa, kundi zima hamfanyi mtihani."

Mnaona?? Ahadi ya kaburini ilitimizwa... kwa kichwa changu!

"Na wewe, Madam, ulijua?"

"Nilikuwa hapo ndani."

"Ukasema nini?"

Akaanza kuchagua nyanya.

Jifunzeni kwangu: wakubwa wakitaka kukumaliza hawatumi adui. Wanaingia kwako, wanamchukua unayempenda, wanampa kisu. Halafu wao mikono yao ni safi.

Nikaenda Bungoma. Nilimkuta Nabwile kwenye geti la chuo, amevaa leso ya mamake.

"Mbona hukuniuliza kwanza, mama?"

Alilia. Halafu akapangusa uso, akanitazama machoni, akaniuliza kitu ambacho mpaka leo sijakijibu, na nyinyi msinijibie:

"Na ningekuuliza, Papa, ungekubali?"