Boti Inayoitika

Jua lilikuwa linazama Fridolin alipofika Kivukoni kununua boti. Kandida alikuwa anauza mbili, zote za alumini, kazi ya kaka yake ambaye ni fundi wa kuchomelea mjini Ifakara. Ndogo ilikuwa ya mtu mmoja. Kubwa ya wawili.

Jamani, huyo bwana alikuwa na macho makavu! Kandida ni mjane wa Beno, aliyekuwa mvuvi mwenzake Fridolin. Mwaka juzi kiboko aliupiga mtumbwi wao, Beno akatupwa majini. Akashika ukingo, akasema, "Sogea, Frido, nipande." Fridolin akaona watazama wote. Akachukua pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akamponda vidole mpaka akaachia. Kijijini akasema ni kiboko. Maiti haikupatikana, wakazika mgomba badala yake, na Fridolin ndiye aliyekuwa wa kwanza kutupa udongo.

"Za hapa, shemeji?"

"Nzuri, shemeji. Uko peke yako, ndogo inakutosha."

"Ndogo ya nini? Samaki nitawapakata?"

Wavuvi wa pale hawanunui chombo bila kukigonga, kama akina mama wanavyogonga chungu sokoni. Kinachoitika ni kizima. Fridolin akagonga boti ndogo. Haikuitika vizuri. Akageukia kubwa.

Ko, ko.

Kimya...

Ko, ko.

Ilijibu kutoka chini, upande wa mchangani. Nywele zikamsisimka. Lakini tamaa mbele, mauti nyuma, akacheka.

"Umesikia inavyoitika? Hii ndiyo yangu."

"Chukua ndogo, shemeji," Kandida akanong'ona. "Kubwa ina mtu wake."

"Basi kachelewa!"

Kandida alikuwa amemwonya, na moyoni alikuwa anaomba asisikie.

Fridolin akaisukuma majini kuijaribu. Ilikuwa nzito ajabu. Alipofika katikati ya mto, akasikia harufu... Mgomba uliooza. Akatazama huku na huku. Hakuna mgomba mtoni. Boti ikalala ubavu.

Vidole vinne vilikuwa vimeshika ukingo.

Vyeupe, vimevimba, kucha zimepasuka.

"Sogea, Frido."

"Shemeji!" akapiga kelele. "Shemeji Kandida, nisaidie!"

Kandida alikuwa amesimama ufukoni, maji yakimfika vifundoni. Hakupaza sauti, lakini Fridolin alimsikia kama yuko naye ndani ya boti.

"Beno alikufaje?"

"Kiboko! Wallahi, kiboko!"

Mkono wa pili ukashika ukingo. Fridolin akanyanyua pondo, akaponda. Akaponda tena. Alumini ililia mto mzima, na vile vidole havikuachia.

"Sogea..."

Kandida alitazama mpaka mwisho. Hakufumba macho hata kidogo.

Asubuhi boti ilikutwa ufukoni, imerudi yenyewe. Pondo limo, ukingo umebonyea. Fridolin hakuonekana tena. Wapo wanaosema Kandida alivuka mto kwa mganga. Wengine wanasema hakwenda popote, ila kila jioni alikuwa akikaa juu ya lile kaburi la mgomba na kumwita mumewe kwa jina. Mwenyewe ukimuuliza anakukaribisha chai.

Apolonia, mke wa Fridolin, naye akazika mgomba. Kandida akawa wa kwanza kutupa udongo.

Jioni ile alirudi mtoni kuosha boti kubwa. Akaisugua vizuri, akaikausha kwa kanga yake. Kisha akainama, akagonga.

Ko, ko.

Upande wa mbele ukaitika, taratibu, kama alivyozoea.

Halafu upande wa nyuma nao ukaitika. Huko kuligongwa harakaharaka, kwa ngumi, kama mtu anayeomba kufunguliwa mlango.

Kandida akajifunga kanga yake sawasawa.

"Haya," akasema. "Sogeaneni."